Kijitabu kinachotupwa pamoja na boksi la simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie kile kijitabu chenye maandishi madogo kinachokuja ndani ya boksi la simu ya ofisini, ambacho hutupwa kabla simu haijalia hata mara moja. Wanunuzi hudhani ni maneno ya wanasheria. Mafundi tunajua kwamba karibu kila sentensi iliyomo ina hitilafu yake halisi nyuma yake, na nyingi ya hitilafu hizo ndizo tunazoitiwa.

Geuza simu utazame kibandiko chake. Simu, faksi au PABX (mtambo wa ofisi unaogawa laini za nje kwa ekstensheni, yaani simu za ndani) inapaswa kuwa na idhini ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi inakotumika, na alama ya nchi moja si pasi ya kuingilia nchi zote. FCC ni alama ya Marekani. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba kifaa kimetimiza masharti ya Umoja wa Ulaya. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado kifaa kisiruhusiwe hapo kilipo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni simu zisizo na waya za mfumo wa DECT. Za Ulaya, na za nchi nyingi zinazofuata mpango wa Ulaya, hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Za soko la Marekani, ambazo boksi lake huandikwa DECT 6.0, hutumia 1920 hadi 1930. (Hiyo 6.0 ni jina la biashara tu. Muuzaji anayekuambia kuwa ni toleo jipya zaidi anakupiga changa la macho.) Katika nchi nyingi kipande hicho cha 1920 hadi 1930 kimo ndani ya masafa ambayo simu za mkononi hutumia kurusha mawimbi kwenda mnarani. Seti ya DECT 6.0 iliyoletwa kwenye begi la msafiri na kuwekwa dirishani huuchafulia mnara wa jirani masikio yake. Mwenye simu haoni kasoro yoyote, sauti yake ni safi. Wanaokatikiwa ni watu wengine mtaani, na mamlaka ikija na vipimo vyake itafuata mawimbi hadi mezani kwake.

Kwenye simu za waya, jambo linalosahaulika ni mzigo wa kengele. Kampuni ya simu hupeleka umeme wa kengele wenye kikomo, na kila kifaa kinachosubiri kuita hula sehemu yake. Marekani hupima sehemu hiyo kwa REN, na jumla ya vifaa vyote vilivyo kwenye laini moja kwa kawaida haitakiwi kuzidi 5. Namba hiyo imo kwenye kibandiko, ndani ya mfuatano mrefu unaoanza na US na nukta mbili: ruka alama tano zinazofuata, tarakimu mbili zitakazokuja ndizo REN bila nukta yake. 03 ni 0.3, na 10 ni 1.0. Simu nne za 0.8 ni 3.2; ongeza faksi ya 1.0 na kengele ya ukutani ya 1.2, umefika 5.4. Hapo kengele hulia kinyonge, au simu moja inakuwa bubu kabisa huku ikipiga na kuongea vizuri, na fundi anaitwa kuja kubadilisha simu nzima. Chomoa kifaa kimoja kwanza usikilize. Ekstensheni za PABX zina kikomo chao wenyewe, mara nyingi kidogo kuliko hicho, nacho kimeandikwa kwenye kitabu cha PABX.

Laini ya shaba iliyotulia ina volti zipatazo 48. Inapoita, volti za mbadilishano kati ya 75 na 90 hupita juu yake, za kutosha kabisa kumrusha fundi aliyeshika ncha mbili zilizo uchi. Ndiyo sababu kijitabu kinakataza kugusa waya uliovuliwa ganda kabla laini haijachomolewa kwenye kisanduku cha kuingilia jengoni, kinakataza kufunga simu wakati wa radi, na kinataka waya wa laini usiwe mwembamba kuliko namba 26 ya kipimo cha AWG, yaani kipenyo cha kama milimita 0.4. Tahadhari: kwenye kipimo hicho namba ikipanda waya unapungua, kwa hiyo 28 ni mwembamba zaidi na haufai.

Kwa PABX yenye laini za nje za shaba, vizuia radi vikae pale waya unapoingilia, na waya wao wa ardhi uungwe na ardhi ya umeme wa jengo. Wapo wanaochimbia nondo ya peke yake kwa ajili ya PABX na kuiacha bila kuiunganisha na ile ya umeme. Inaonekana kama uangalifu wa hali ya juu, lakini ni kosa. Radi ikipiga karibu, ardhi hizo mbili huwa na volti tofauti, na njia ya kusawazisha tofauti hiyo inapita katikati ya kadi za PABX.

Plagi ndogo ya simu, RJ11, inaingia kwenye tundu la mtandao la RJ45, na ni bahati mbaya kwamba inaingia. Kingo zake za plastiki husukuma juu vijiti vya pembeni, cha 1 na cha 8. Siku plagi hiyo ikitolewa na kebo ya mtandao kurudishwa, kijiti cha 1 hakigusi tena vizuri, na mtu atahangaika na mipangilio ya kompyuta siku nzima. Mulika tochi ndani ya tundu: vijiti vinane vinapaswa kulala sawasawa kama meno ya kitana. Kuna na hili: tundu la ekstensheni ya kidijitali ya PABX linafanana na la analogia, lakini faksi au modemu ikichomekwa humo haitafanya kazi na inaweza kuungua. Bandika karatasi yenye neno moja juu ya kila tundu.

Siku hizi malalamiko mengi yanahusu simu za intaneti zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao, yaani PoE. Swichi ya mtandao, kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kebo za simu na kompyuta, ikifuata kanuni ya PoE iitwayo 802.3af haimwagi umeme hovyo. Kwanza hupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa kama kilo-omu 25, ambayo ndiyo ishara ya kifaa kinachostahili kulishwa, kisha ndipo hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Vile visanduku vya bei nafuu vinavyosukuma volti 24 au 48 kwenye kebo haviulizi kitu. Ukichomeka humo simu isiyo yake, au kompyuta, unaweza kuiua papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa adapta: plagi ya duara ya adapta ya volti 48 inaweza kuingia bila shida kwenye simu ya volti 5. Usiangalie tundu. Soma kibandiko cha adapta na cha simu, volti zilingane, alama ya chanya na hasi ilingane, na ampea za adapta ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi.

Kisha piga hesabu ya swichi nzima. Swichi yenye matundu 24 haina maana kwamba inaweza kulisha simu 24. Tazama jumla ya wati inazoweza kutoa. Tuseme ni 185. Simu 24 za daraja la 2 la PoE hutengewa wati 7 kila moja, jumla 168, zinatosha. Zikiwa za daraja la 3, zile zenye kioo kikubwa cha rangi au zilizoongezewa ubao wa vitufe pembeni, kila moja hutengewa 15.4, na jumla inafika 369.6. Dalili yake huwachanganya watu: kila kitu kinakwenda vizuri kwa miezi, umeme ukikatika na kurudi simu zote zinaomba kwa wakati mmoja, na baadhi hazifufuki. Ukizihamishia tundu jingine zinawaka, ila sasa zimezimika za wenzake.

Kebo yenyewe isizidi mita 100 kutoka swichi hadi simu, na mita hizo zinahesabiwa pamoja na vipande vya mwanzoni na mwishoni. Iwe ya shaba tupu. Ipo sokoni kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, ina maandishi yaleyale ya Cat5e, jina la daraja la kebo ya mtandao, na rangi zilezile. Chukua ncha ya waya mmoja uikwangue kwa kisu: wekundu ukitoka na kuacha weupe, umeuziwa aluminiamu. Ukinzani wake ni mkubwa, volti zinapotea njiani na kugeuka joto ndani ya fungu la kebo, na waya hukatika ovyo unapobanwa kwenye soketi. Haitimizi kanuni ya Cat5e hata kama imeandikwa hivyo kila mita moja.

Na kwa kuwa simu hizi zinategemea umeme wa jengo, UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, si anasa. Kosa la kawaida ni kuweka swichi na PABX kwenye UPS na kukisahau kisanduku cha fiba kilichoning'inia ukutani, ambacho ndicho kinacholeta laini ya nje. Umeme ukikatika ofisi inaweza kupigiana simu yenyewe kwa yenyewe tu.

Usafi nao una namna yake. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye vitufe. Lowesha kitambaa kidogo, futa, kausha. Betri za simu zisizo na waya zikichoka weka za aina ileile ya kuchajiwa, kwa kawaida NiMH za volti 1.2. Betri za kawaida za volti 1.5 zinaingia vizuri tu, lakini chaja itajaribu kuzichaji na zitavuja au kupasuka. Na kabla ya kupeleka mkono wa simu sikioni, utazame: spika yake ina sumaku, na kwenye meza ya karani sumaku hiyo huokota pini za stepla.

Kuhusu wizi wa muda wa maongezi nitasema machache. Wezi hupiga namba za kimataifa za gharama kubwa usiku na mwisho wa wiki kupitia PABX ambazo nenosiri la ujumbe wa sauti bado ni 0000 au namba ya ekstensheni yenyewe. Badilisha manenosiri yote ya kiwandani, funga njia ya kimataifa baada ya saa za kazi, na usiiache PABX ya intaneti ikiwa wazi kwa dunia nzima kupitia mlango wa 5060, ule wa mtandao unaotumiwa na simu za intaneti. Bili ikija, kwa kawaida ni ya mwenye laini.

La mwisho lingestahili kuwa la kwanza. Kwenye PABX nyingi mtu hubonyeza 9 au 0 kupata laini ya nje. Mwaka 2013 huko Texas, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli huku binti yake mdogo akipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara kwa mara bila kupita, kwa kuwa hakujua kwamba simu ile ilitaka 9 kwanza. Sheria yenye jina la Kari ilisainiwa Marekani mwaka 2018, na mifumo iliyowekwa kuanzia Februari 16, 2020 inatakiwa iruhusu 911 bila tarakimu ya kutangulia, na ijulishe mapokezi au mlinzi kwamba simu hiyo imepigwa. Popote pale ulipo, namba yako ya dharura iwe 112 au nyingine, mpangilio ni uleule: ipite ikipigwa peke yake, na ipite pia ikitanguliwa na 9, maana anayehaha atabonyeza alivyozoea.

Hapo hugonga kikwazo kisichotarajiwa. Ofisi yenye ekstensheni 1120 hadi 1129 ikipokea 112, mfumo hukaa unasubiri tarakimu ya nne, pengine sekunde kadhaa za ukimya ambazo mpigaji atadhani simu ni mbovu na kukata. Hamisha ekstensheni hizo. Tena, pale ambapo namba za mbali huanza na 1 na namba ya dharura ni 911, kutumia 9 kupata laini ya nje huzalisha simu za dharura za bahati mbaya, kwa kidole kilichobonyeza 1 mara mbili. 8 ni salama zaidi.

Kagua pia anwani. Simu za tawi zilizosajiliwa kwenye PABX ya makao makuu zinaweza kumwonyesha mpokeaji wa dharura anwani ya makao makuu, na gari la zimamoto likaenda huko. Kila tawi liwe na namba yake ya kutokea na anwani yake iliyosajiliwa kwa mtoa huduma. Unapojaribu, wasiliana kwanza na kituo cha dharura kwa namba yao ya kawaida mkubaliane saa, kisha piga kutoka simu moja ya kila ghorofa na kila tawi. Mtu akipokea, mwambie mara moja kuwa ni jaribio, muulize anaona namba gani na anwani gani, uandike. Rudia kila mara PABX inapobadilishwa programu au simu zinapohamishwa meza.

Wako,
Fundi wa mitambo ya simu za ofisini