Malalamiko kuhusu kompyuta mpya niliyoletewa ikiwa haijapimwa

Mwanjelwa,
Mbeya.
28 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FREMU KUPOROMOKA KWENYE KOMPYUTA YA GEMU MLIYOIUNGANISHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 30 Juni mwaka huu nilinunua kwenu vifaa vya kompyuta vya shilingi 3,400,000, nikaongeza shilingi 120,000 za kuunganishiwa na kupimiwa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Ryzen 5 7600, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ni RTX 4060, na rami (kumbukumbu ya muda) ni vipande viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja, aina ya DDR5 ya kasi ya 6000. Mzigo ulinifikia kwa basi tarehe 3 Julai, na ndani ya boksi mlikuwa mmeweka fomu yenye mhuri na saini ya fundi wenu, iliyoandikwa kwamba kompyuta imepimwa na iko sawa. Kinachonifanya niandike ni fomu hiyo, kwa sababu vifaa vyenyewe ni halisi na bei yake sikuilalamikia.

Nina chumba cha gemu chenye kompyuta nne ambamo vijana hulipa kwa saa, na hii ilikuwa ya tano. Siku ya kwanza tulipofungua gemu la kufyatuliana risasi la Counter-Strike 2, fremu, yaani picha ambazo kompyuta huchora, zilisoma 190 kwa sekunde, lakini hazikupita dakika mbili zikaporomoka hadi 48, na picha ikawa inakwama kila adui anapojitokeza. Tukizima na kuiacha ipumzike, mwanzo ulikuwa mzuri tena, kisha yakajirudia yale yale.

Kabla ya kuwapigia simu nilianza na makosa ambayo yangeweza kuwa ya kwangu. Nilihakikisha kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya grafiki na si kwenye ubao mama (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), maana prosesa hii ina grafiki yake ndogo na ukikosea tundu utapata picha lakini hutapata nguvu ya kadi. Nilihakikisha kwamba skrini imewekwa kwenye hezi 165, yaani ibadilishe picha mara 165 kwa sekunde, na haikubaki kwenye 60, nikafuta draiva (programu inayoendesha kadi) na kuweka mpya kutoka NVIDIA, watengenezaji wa chipu ya kadi hiyo. Hakuna kilichobadilika.

Nilipowasiliana nanyi tarehe 7 Julai, niliambiwa kwanza nishushe ubora wa picha. Nilishusha hadi mwisho, fremu zikabaki pale pale, na hilo pekee lingewatosha mafundi wenu kutambua kwamba kadi haikuwa imeelemewa. Baadaye niliambiwa ni joto la chumba, nami nawaandikia kutoka Mbeya, ambako mwezi wa Julai wateja wangu hucheza wakiwa na masweta. Mara ya tatu mlisema basi ndilo lililotikisa vifaa, na mara ya nne mkanishauri ninunue kadi kubwa zaidi. Nilipoomba ruhusa ya kufungua kasha, nikajibiwa kwamba nikikata stika, waranti imekufa. Baada ya hapo ujumbe wangu haukujibiwa kwa siku tisa.

Katika siku hizo nilipima mwenyewe. Mchezo ukiendelea, kadi ya grafiki ilikuwa inatumika kwa asilimia 35 tu, wakati prosesa ilifika nyuzi joto 95, ambacho ndicho kikomo chake, na kasi yake ikashuka kutoka gigahezi 5 hadi chini ya 3. Prosesa ikifika kikomo hujipunguzia kasi ili isiungue, kadi nayo hukaa ikisubiri kazi. Ndiyo sababu kushusha ubora wa picha hakukusaidia, na kadi kubwa zaidi ingekaa ikisubiri vilevile.

Tarehe 20 Julai nilikata stika huku mdogo wangu akirekodi video, ambayo naiambatanisha. Nilipong'oa kipoozeo cha prosesa nilikuta ile nailoni nyembamba ya kiwandani bado imebandikwa kwenye bamba lake, ikiwa na maandishi mekundu ya kumtaka fundi aiondoe kabla ya kufunga. Pesti, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozeo, ilikuwa imesambaa juu ya nailoni, na shaba iliyokuwa chini yake ilikuwa inang'aa, haijawahi kuguswa. Rami nazo zilikuwa zimechomekwa kwenye matundu mawili yanayofuatana, wakati kitabu cha ubao mama kinaelekeza tundu la pili na la nne ili vipande vyote viwili vifanye kazi sambamba, na kwa kuwa EXPO, mpangilio unaoiruhusu rami ifikie kasi yake kamili, haikuwashwa kwenye BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), kasi yake ilikuwa 4800 badala ya 6000 niliyoilipia.

Nilibandua nailoni, nikafuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya, nikahamisha rami na kuwasha EXPO. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Tangu siku hiyo prosesa haijavuka nyuzi joto 74, na mchezo ule ule unakwenda kwa zaidi ya fremu 250 jioni nzima.

Basi haliwezi kubandika nailoni chini ya kipoozeo, wala kuhamisha rami kutoka tundu moja hadi jingine. Aliyetia saini fomu ile hakuiendesha kompyuta hii kwa dakika tano, kwa sababu dakika mbili zilitosha kuonyesha tatizo. Nimepoteza zaidi ya wiki mbili za mapato, na vijana waliokuwa wameisubiri mashine hiyo walihamia kwingine.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 120,000 za kuunganisha na kupima, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya mimi. Naomba pia mthibitishe kwa maandishi kwamba waranti ya vifaa vyote inaendelea licha ya stika kukatwa, na kwamba itaihusu prosesa endapo itaonyesha madhara ya kufanyishwa kazi kwenye kikomo cha joto kwa siku 17. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti, fomu yenu na video. Nailoni yenyewe nimeihifadhi kwenye bahasha, na nitawatumia mkiihitaji.

Wenu,

(Saini)
Mteja wenu, Mbeya