Anayeendesha baiskeli ya umeme naye ananyonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya baiskeli. Kuna kauli inazunguka hapa Tanga, kwamba anayepanda baiskeli ya umeme hanyongi wala hafanyi mazoezi, na inawavunja moyo watu ambao ndiyo kwanza wameanza kuutingisha mwili.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ngamiani, nina miaka 63. Nimenyonga baiskeli tangu usichana wangu. Mgeni hushangaa kumwona mwanamke wa baibui juu ya baiskeli, lakini kwetu si ajabu: mji ni tambarare, mama zetu walikwenda nazo sokoni, nasi tukafuata. Nyumbani ninazo mbili. Ya kwanza ni Phoenix nyeusi niliyoinunua mwaka 1989 kwa kwendea shuleni, breki zake bado ni zile za vyuma, na kengele yake ukiipiga Barabara ya 8 mtu wa Barabara ya 9 anaisikia. Ya pili ni ya umeme. Mwanangu aliniletea mwaka juzi, goti la kushoto lilipoanza kunisumbua.

Siku moja nilitoka na shoga yangu, ambaye ana sukari na ameambiwa na daktari asikae bila mazoezi. Nilimpa ile ya umeme, mimi nikapanda Phoenix. Tulipopita kijiweni kijana mmoja akamwambia, "Shikamoo bibi! Wewe hunyongi, unanyongewa." Kijiwe kizima kikacheka. Mwenzangu aliitikia marahaba, tukapita, lakini hakuigusa tena ile baiskeli kwa wiki tatu. Wiki tatu mtu wa sukari amekaa ndani kwa sababu ya mzaha wa barazani! Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kijana yule hakujua mashine yenyewe inavyofanya kazi. Baiskeli yangu haina kitu cha kuzungusha kwa mkono kama pikipiki. Kwenye pedeli kuna kifaa kinachohisi miguu: ukinyonga, mota iliyo kwenye gurudumu la nyuma inakuongezea nguvu, ukiacha, inanyamaza papo hapo. Ukijikalia tu, itapunguza mwendo mpaka isimame. Kinachopungua ni ule uzito wa kuondoka ukiwa umesimama, na ule wa mlima na upepo. Moyo bado unakwenda mbio na jasho linatoka. Goti langu tu ndilo halilii.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika miji saba ya Ulaya, ikiwemo London, Rome, Barcelona na Zurich. Walionekana wenye baiskeli za umeme wanapata mazoezi yanayokaribiana na ya wenye baiskeli za kawaida, kwa kuwa safari zao ni ndefu zaidi. Sikushangaa. Kwa Phoenix peke yake, na goti hili, nilikuwa nimeshajifungia ndani ya mji. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi siku hizi Jumamosi moja tu inakaribia kuzimaliza.

Jumamosi ndiyo siku ya Tongoni, kama kilomita 17 kwa njia ya Pangani. Anayeijua njia hiyo anaijua kusi ya mwezi wa Julai. Unaipokea usoni tangu unatoka mjini, baibui linajaa kama tanga la ngalawa, na kwa baiskeli ya kawaida mtu wa umri wangu anageuza njiani. Nilishageuza mara mbili. Kwa umeme nafika. Nafunga pindo la baibui kwa kipande cha mpira nilichokata kwenye tyubu kuukuu, lisije likaliwa na cheni, kisha nanyonga taratibu mpaka kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo. Napumzika, nakunywa dafu, nasikiliza upepo. Wakati wa kurudi kusi inakuwa mgongoni, na hapo nazima mota kabisa. Chaji nzima ya betri yangu haifikishi hata nusu uniti ya umeme, na sijawahi kuimaliza kwa safari hiyo.

Phoenix sijaitupa, wala sitaitupa. Siku za kazi, alfajiri baada ya swala, ndiyo ninayoipanda kwenda Raskazone: napita Bustani ya Jamhuri, bandari na Kisiwa cha Toten vikiwa mkono wa kushoto, barabara bado haijapata kelele. Ina raha yake ambayo ile nyingine haina. Unasikia cheni, unasikia bahari. Ikipata pancha, fundi yeyote chini ya mwembe anaziba na unaondoka. Ile ya umeme iliingia maji masika iliyopita, ikakaa siku sita kwa kukosa mtu wa kuifungua, na betri ikikuishia mbali utajua uzito wa chuma. Kwa hiyo simwambii mtu auze aliyo nayo. Mwenye magoti mazima na safari fupi, baiskeli ya kawaida inamtosha na kubaki.

Nakubali pia kwamba zipo zinazoitwa baiskeli za umeme ambazo unazungusha mkono zikaenda zenyewe kwa kasi ya bodaboda, pedeli ni pambo. Hizo ni kitu kingine, na zikipita kwa kasi ile karibu na watoto wa shule naogopa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka: mota isizidi wati 250, isaidie tu pale mtu anaponyonga, na msaada ukatike mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ningependa wenye mamlaka hapa kwetu nao watenganishe hivyo, ili anayefanya mazoezi asihesabiwe pamoja na mwenye pikipiki.

Na wakati wanalifikiria hilo, watusafishie kingo za barabara. Mchanga unaojikusanya pembeni ya lami ndio unaotuangusha, sisi sote, mwenye umeme na asiye nao. Nililala chini mwezi Machi nikilikwepa lori, nikaamka na kiwiko kimechubuka. Wahudumu wawili wenye mafagio na toroli wangeumaliza mchanga wa mahali pale kabla ya saa nne asubuhi.

Shoga yangu amerudi. Nilikwenda kwake mara nne, ya nne nikamkuta amekwisha toa pampu, anajaza upepo mwenyewe. Juzi kipimo chake cha sukari kilikuwa kizuri, nami namwambia asiache dawa, lakini asiache na baiskeli. Jumamosi iliyopita tulipita tena pale kijiweni, yeye mbele kwenye ile ya umeme, mimi nyuma na Phoenix. Alipiga kengele, wakatupisha.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga