Zuhura, kabla hujamaliza hiyo chupa ya vitamini

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale unaposema ngazi ulizokuwa ukizipanda huku unaongea, sasa unazipanda kimya na moyo unakudunda mpaka masikioni. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mchana unatamani kutafuna barafu. Na umeshanunua chupa ya vitamini mchanganyiko, kwa sababu huenda mwili umepungukiwa kitu.

Hisia yako huenda ni ya kweli kabisa. Ila naomba tujue kwanza ni kitu gani kimepungua na kimekwenda wapi, usije ukaimaliza chupa ukadhani umejitibu.

Binadamu tulichelewa sana kukubali kwamba kukosa kitu nako ni ugonjwa. Mtu akiugua tunatafuta kilichomwingia: sumu, hewa mbaya, kidudu. Angalia kiseyeye kilivyowamaliza mabaharia wa safari ndefu. Fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, na vidonda vilivyopona zamani vinafunguka upya. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wengine aliwapa siki, wengine maji ya bahari. Waliopewa machungwa na malimau waliinuka ndani ya siku chache. Pamoja na ushahidi huo, jeshi la majini la Uingereza lilikaa mpaka 1795 ndipo likaanza kuwagawia mabaharia maji ya limau kama utaratibu.

Hilo la makovu kufunguka huwa linanigusa. Ngozi ya kovu haikai ilivyo milele. Mwili unaifuma upya kila siku, na nyuzi zake hazishikani bila vitamini C. Mwili wetu hauwezi kuitengeneza, lazima tuile, na miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Uzito huo haufiki punje moja ya mchele.

Sasa turudi kwako. Mimi nadhani ni madini ya chuma, na hiyo barafu ndiyo inayonifanya nidhani hivyo. Hamu ya kutafuna barafu au udongo ni dalili inayojulikana ya kupungukiwa chuma, ingawa watu wengi wanaificha kwa aibu.

Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, kisha inavunjwa na chuma chake kinatumika tena. Kwa hiyo kinachohitajika kuingia kutoka kwenye chakula ni kidogo mno, miligramu 1 au 2 kwa siku. Lakini mwanamke anayepata hedhi nzito anapoteza kuliko anavyoingiza, mwezi baada ya mwezi. Mwili unachota kwanza kwenye akiba iliyoko kwenye ini na uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Wakati huo ukipimwa himoglobini peke yake unaambiwa damu iko sawa. Akiba ikiisha, uboho unaanza kuunda chembe kwa kubana. Himoglobini ndiyo inayoshuka mwisho, na kwa mwanamke asiye na mimba, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ndipo wanaandika upungufu wa damu.

Ndiyo maana wakikuambia ni 12.2, uende nyumbani, usikubali kuishia hapo. Omba wapime na ferritini, maana hiyo ndiyo inayoonyesha akiba.

Unajua kazi yangu ni hadubini, na jambo hili naliona kwa macho. Damu iliyokosa chuma ina chembe ndogo, zimepauka, katikati peupe mpaka inabaki pete nyembamba ya rangi. Damu iliyokosa vitamini B12 au foliki asidi, vitamini nyingine ya kundi B, ni kinyume chake: chembe kubwa kupita kiasi, na chembe nyeupe zina kiini kilichogawanyika vipande vingi kuliko kawaida. Wagonjwa wote wawili watakuambia maneno yaleyale: nimechoka, nahema, kichwa chepesi. Dawa zao hazifanani hata kidogo.

Na hapo ndipo chupa yako inaponitia wasiwasi, maana vitamini mchanganyiko kwa kawaida huwa na foliki asidi. Aliyekosa B12 akimeza foliki asidi nyingi, damu inaweza kurudi vizuri kwenye vipimo huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika: ganzi miguuni, kuyumba, kusahau. Akiba ya B12 kwenye ini hudumu miaka kadhaa, kwa hiyo mtu aliyeacha nyama, mayai na maziwa, au ambaye tumbo lake haliwezi tena kuifyonza, hahusishi hali yake ya leo na jambo lililoanza zamani hivyo. Wewe uliacha nyama kitambo. Mwambie daktari hilo.

Mwambie na mengine. Hedhi inachukua siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi, kama inatoka mabonge. Kama unameza dawa za maumivu mara kwa mara, kama una vidonda vya tumbo, kama choo kimewahi kuwa cheusi. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu polepole bila kelele. Najua hupendi kuyasema haya mbele ya mtu usiyemjua, lakini mficha uchi hazai, Zuhura. Chuma kikiwa kinavuja mahali, vidonge vitakupa nafuu ya muda na chanzo kitabaki palepale.

Ukiandikiwa vidonge vya chuma, usishtuke choo kikiwa cheusi, ni kawaida yake. Usivimeze pamoja na chai, kahawa au maziwa. Acha saa moja au mbili zipite. Vikikuchafua tumbo, usiache kimyakimya. Muulize daktari kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja, wengine huelekezwa hivyo. Himoglobini ikipanda usiviache, kwa kawaida huendelea kama miezi 3 zaidi ili akiba ijae. Viweke juu kabisa, mtoto wa dada yako asivifikie. Chuma kikizidi kwa mtoto mdogo kinaua.

Upande wa chakula, chuma cha maharage na mboga za majani hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama, ila kula tunda chachu kwenye mlo uleule, si baadaye, na kitaingia vizuri zaidi. Hapo vitamini C inakufanyia kazi ya pili.

Umenidokeza mnatafuta mtoto. Nimefurahi mno, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya kushika mimba, kwa sababu mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati mama wengi bado hawajajua. Lakini B12 yako ipimwe kwanza, kwa sababu niliyokueleza. Geuza chupa pia usome kiasi cha vitamini A. Hiyo haitoki na mkojo kama C, inajikusanya kwenye ini, na ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Chumvi iwe yenye madini joto.

Jambo dogo la kimaabara: vidonge vya nywele huwa na bayotini nyingi, nayo ni vitamini, na huvuruga baadhi ya vipimo. Waambie wanaokupima unameza nini, wao watakuambia uache kwa muda gani kabla ya kutoa damu.

Nenda wiki hii. Omba picha kamili ya damu, ferritini na B12. Ukihema hata umekaa, au kifua kikiuma, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Kisha nitumie majibu yote, pamoja na yale watakayosema yako sawa. Nataka kuziona namba zenyewe.

Rafiki yako akupendaye,
Rehema