Wito wa Harambee: Zahanati Yetu Ipate Tiba Mtandao ya Kinywa na Uso

Assalamu alaykum ndugu zetu wa kisiwa cha Pate, mlioko nyumbani na nyinyi mlioko Lamu, Mombasa, Jeddah, Muscat na kwingineko.

Twaandika tukiona haya. Mwaka haujatimia tangu kusi iezue paa la zahanati ya kijiji chetu nanyi mkachanga mabati kwa siku tisa, na leo tumerudi kugonga mlango ule ule. Safari hii ni kwa ajili ya tiba mtandao, yaani daktari aliye mbali kumwona mgonjwa kwa video, na hili limetushinda kulinyamazia.

Mama mmoja wa hapa kijijini, msuka mikeka (ametupa ruhusa tumsimulie, ila jina lake tunalisitiri), alishikwa na maumivu ya shavu la kulia. Yalimpiga kama umeme kwa sekunde chache, yakaacha, yakarudi, pengine mara ishirini kwa siku. Akavuka bahari kwa boti, akang'olewa jino. Maumivu yakabaki pale pale. Akavuka tena, likatoka la pili, kisha la tatu. Fedha za mikeka ya mwaka mzima zikaishia kwenye nauli na meno ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Upepo tu wa baharini uliyaamsha, hata alipojifunga leso mbili usoni. Aliacha kutafuna, akaishi kwa uji uliopoa. Siku moja alikwenda kwa mke wa imamu kuuliza: asiyeweza kutia maji usoni atawadhe vipi? Atayamamu? Na tayamamu nayo si ni kupangusa uso? Akaelezwa kwamba mwenye udhuru ana nafuu yake katika dini. Alilia hata hivyo, pale pale barazani. Alitamani kutawadha kama watu wengine.

Mwezi wa Shaabani kijana wetu mmoja aliyeko Mombasa alimwomba daktari wa meno amwone mama huyu kwa video, katika simu ya nesi wetu. Daktari hakuwa na kifaa hata kimoja cha kumgusia. Alikuwa na maswali. Huanza ghafla? Hudumu muda gani? Ni upande mmoja tu? Kitu gani huyaamsha? Akamwambia afungue kinywa, asogeze taya huku na huku, nesi amulike ufizi kwa tochi. Zile dakika arubaini zilifichua ambacho safari tatu za boti hazikukiona: dalili zote zilikuwa za ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso. Alianzishiwa kabamazepini, dawa wanayopewa pia wenye kifafa, kwa kipimo kidogo kinachoongezwa taratibu. Kila wiki daktari alimpigia kumuuliza kama ana kizunguzungu au vipele, damu ikapimwa, na akaandikiwa kwenda Mombasa kupigwa picha ya kichwa ijulikane kama kuna kinachoubana mshipa huo. Wiki ya pili alikula wali kwa samaki. Na alitawadha, alhamdulillahi.

Tusidanganyane: jino haling'oki kwa simu, wala jipu halipasuliwi. Faida ya tiba mtandao ni kumjua wa kupanda boti usiku huu huu na wa kutulizwa nyumbani. Aliyevimba chini ya taya, ana homa na hawezi kumeza mate, huyo hangoji asubuhi, kwa kuwa uvimbe ule waweza kuziba pumzi. Mwenye maungio ya taya yanayouma kwa kusaga meno usingizini, mara nyingi chakula laini, kitambaa cha moto na mazoezi humtosha. Na wazee wetu wa tambuu na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, je? Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki tatu, au kinywa kinachozidi kukaza kwa sababu ya popoo, picha moja yenye mwanga mzuri humfikisha mtu kwa bingwa kabla saratani haijatangulia.

Hadi leo kazi hii yote hufanyika kwa simu ya nesi mwenyewe, yenye kioo kilichopasuka, na bando hulipia mfukoni mwake. Kijiji kizima kinamtegemea msichana mmoja na mshahara wake. Hilo linatuaibisha.

Tunahitaji shilingi 255,000: tableti 45,000, taa na vioo vya kinywani 12,000, sola na betri 78,000, intaneti ya mwaka 36,000, dawa za kuanzia 24,000, na 60,000 akiba ya boti ya dharura. Zimeshapatikana 61,300. Zimebaki 193,700, na usiku mmoja wa arusi zetu, ndugu zangu, hula zaidi ya hizo.

Kila senti itaandikiwa risiti, na hesabu itasomwa msikitini kila mwisho wa mwezi. Tiba mtandao inatambuliwa na Sheria ya Afya ya Dijitali ya 2023, na picha ya mgonjwa haitatumwa kokote bila ridhaa yake.

Harambee ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala, uwanja wa madrasa. Walio mbali wamtumie mweka hazina kupitia jamaa zao waliopo hapa. Mwenye tableti nzima iliyokaa kabatini, ailete. Yule mama ametoa mikeka miwili, mmoja wa rangi na mmoja mweupe, na mnada utaanza na hiyo.