Vinywaji vya mlo wa pamoja visipangwe mwishoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa hapa Tabora, kuhusu jambo linalojirudia kila jumuiya, kikoba au ukoo unapoandaa chakula cha kuchangia, ambapo kila kaya huja na sufuria yake. Kikao cha maandalizi huanza na wali, kikaenda kwenye ugali, nyama, kuku, maharage na kisamvu, na akina mama huulizana kwa makini nani ana sufuria kubwa na nani ana mkono mzuri wa pilau. Vinywaji hutajwa watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Hapo ndipo anapotafutwa kijana ambaye hajaoa, au mwanachama aliyechelewa kufika, au yule anayesemekana hana muda wa kupika, na kuambiwa tu kwamba yeye ataleta vinywaji.

Utaratibu huu hauitendei haki kazi yenyewe. Katika mlo wa namna hiyo yupo asiyekula dagaa, yupo aliyekatazwa nyama nyekundu na daktari, na yupo atakayeonja pilau kijiko kimoja kwa heshima ya mpishi, lakini hakuna atakayemaliza mchana wa Oktoba hapa kwetu, wakati joto limepamba moto na mvua bado hazijaanza, bila kunywa kitu. Aliyeleta vinywaji ndiye anayemgusa kila aliyefika, kuanzia bibi aliyeketi mkekani hadi mtoto anayekimbia uani. Kwa hiyo naomba kazi yake ipangwe mapema na kwa uzito uleule tunaoipa nyama.

Cha kwanza kuandikwa kwenye orodha kiwe maji ya kunywa. Nasema hivyo kwa sababu mara nyingi meza hujaa soda za rangi zote, na mzee anayetaka kumeza dawa yake akaambiwa asubiri mtu atumwe dukani. Hesabu yake si ngumu: dumu la lita 20 hutoa vikombe 80 vya robo lita, kwa hiyo watu 40 watapata vikombe viwili kila mmoja. Siku ya jua kali, hasa wageni wakitembea kwa miguu kutoka Ipuli au Ng'ambo, ni busara kuandaa madumu mawili.

Usalama wa maji hayo nao una mambo yake. Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika mjini kwetu, wengi tumeshukuru, na kweli tuna sababu ya kushukuru. Hata hivyo maji yanayotoka bombani yakiwa safi huweza kuchafuka njiani, ndani ya dumu lisiloingia mkono wa kulisugua, au kwenye ndoo ambayo kila mtu huchovya kikombe chake. Yachemshwe hadi yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yawekwe kwenye ndoo yenye koki ili asiwepo wa kuchovya. Barafu ipimwe kwa kipimo hichohicho, kwa maana ubaridi wa friji hauui vijidudu vyote, na barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa hurudisha kwenye jagi kile tulichokiondoa jikoni. Kipindupindu huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na mkusanyiko wa watu wanaokunywa kutoka chombo kimoja ni mahali pepesi mno pa ugonjwa huo kuanzia.

Baada ya maji, natamani kuona vinywaji vya hapa kwetu. Mkoa huu unajulikana nchi nzima kwa asali ya misitu ya miombo, miembe mikubwa inatupa kivuli mitaani, na ukwaju unauzwa sokoni kwa bei ambayo kijana wa kawaida anaimudu, lakini anayetumwa kuleta vinywaji hukimbilia kreti ya soda kwa sababu ameambiwa jana yake jioni. Angeambiwa wiki moja kabla, angeweza kuloweka ukwaju katika maji ya moto, kuufikicha, kuuchuja, kisha kuuchemsha pamoja na kipande cha tangawizi na kuuacha upoe usiku kucha. Nasisitiza kuchemsha baada ya kufikicha, kwa kuwa wengi wetu huchemsha kwanza na kufikicha kwa mkono mwishoni, na mkono huo ndio unaoharibu. Juisi ya embe ina tatizo linalofanana na hilo: embe husagwa vizuri, halafu huongezewa maji mabichi ili itoshe watu wengi.

Togwa nayo inastahili kurudi kwenye milo yetu. Uji wa mahindi uliopoa kiasi, ukatiwa kimea cha ulezi, huwa kinywaji kitamu chenye kushibisha, na wazee wetu wengi hukifurahia kuliko chochote cha chupa. Anayekileta aseme wazi kimetengenezwa lini, kwa sababu togwa ya siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto, lakini kadiri siku zinavyopita huchachuka na kuanza kuwa na kilevi.

Katika suala la sukari nitasema kwa kifupi. Soda nyingi zenye sukari hubeba takriban gramu 10 katika kila mililita 100, maana yake chupa ya mililita 350 ina gramu zipatazo 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa, ikijumuishwa na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku kutoka kwenye chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Sitaki soda ifutwe mezani, kwani kuna watoto ambao huipata siku hiyo tu. Ninachoomba ni kwamba juisi za nyumbani zisitiwe sukari mpaka zishinde soda, na jagi moja la ukwaju liachwe bila sukari kwa ajili ya wenye kisukari. Na kwa kuwa tuko Tabora, ambako asali iko karibu kila nyumba, wazazi wakumbuke kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kuonjeshwa asali hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Kuhusu pombe, msimamo wangu ni kwamba isiletwe kwenye mlo wa kuchangia ila pale ambapo wote waliohusika wamekubaliana tangu kikaoni. Mji huu una Waislamu na Wakristo wanaoishi ukuta kwa ukuta na kualikana, na hakuna heshima ndogo kuliko kumfanya jirani anuse kikombe kabla ya kunywa. Ikikubaliwa, ikae meza ya peke yake na chombo chake kiandikwe. Wanzuki, yaani pombe ya asali, ndani ya jagi haina tofauti kubwa na juisi machoni pa mtoto, na anayerudi nyumbani na pikipiki usiku anayo haki ya kujua alichonywa.

Liko jambo jingine ambalo viongozi wa vikundi hawalizungumzi. Anayechukua soda za chupa za kioo huacha dukani pesa ya chupa kutoka mfukoni mwake, na shughuli ikiisha, wenzake wakiwa wanagawana wali uliobaki, yeye huzunguka chini ya viti na nyuma ya nyumba akitafuta chupa moja moja, na zinazopotea hulipwa na yeye. Huo ni mzigo wa kikundi aliotwishwa mtu mmoja.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mikusanyiko ya Desemba, msimu ambao embe zitakuwa zimejaa sokoni, wamtaje mleta vinywaji mwanzoni mwa kikao, wampe mwenzake wa kubeba madumu, na pesa ya chupa itoke kwenye mfuko wa pamoja.

Msomaji wako,
Kanyenye, Tabora