Anashiba bisi za bibi, ugali hagusi

Shikamoo Shangazi,

Naishi Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa mwaloni. Nina watoto wawili, anayenisumbua ni wa pili, binti wa miaka miwili na nusu. Chakula hataki. Anataka bisi, biskuti, ubuyu na juisi za pakiti.

Si kwamba hakujua kula. Alipokuwa na mwaka mmoja bakuli la uji wa lishe alilimaliza akalilamba. Siku hizi namchambulia sato miiba yote kwa vidole, namkatia tonge dogo, analipokea, analiweka shavuni na kunitazama tu. Juzi nafagia nikakuta matonge manne yamekauka nyuma ya ndoo ya maji, sisimizi wameshapanga foleni. Kaka yake akacheka: "Mama, mbona anaficha kila siku?"

Kuna siku nilimsimamia na mwiko mkononi. Akala vijiko vitatu, akatapika vyote. Sijarudia, niliona aibu mwenyewe.

Sasa Shangazi, tunaishi na mama mkwe, na hapo kibarazani ana meza yake ya biashara: bisi, kashata, ubuyu, pipi, hizo juisi. Mimi natoka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi, narudi saa nane mchana. Mtoto akilia kidogo, mkono wa bibi uko mezani. Nimejua hivyo kwa sababu ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, taa zao hazifui dafu, basi nashinda nyumbani. Siku hizo mtoto anakula! Si sana, lakini viazi na maharage vinaisha.

Kliniki mwezi uliopita alikuwa na kilo 11.4, mwezi huu 11.1. Nesi alisema asusa si mbaya, tumbo la mtoto ni dogo, ila ziwe mara mbili kwa siku katikati ya milo, na iwe ndizi mbivu, parachichi au mtindi. Nikamfikishia mama mkwe kwa upole. Akanijibu, "Mkamwana, baba yake nilimkuza kwa michembe na karanga, mbona amekuwa mwanaume?" Sawa, lakini michembe ni viazi. Juisi ya pakiti ni sukari na rangi.

Mume wangu nikimwambia anasema mambo ya jikoni tumalizane wenyewe.

Meza ile ndiyo inayompa mama hela ya kikoba, na siku ambazo sina mauzo imeshatununulia unga. Nimwambieje asimpe mtoto, asije akaona namfungia biashara ndani ya nyumba ya mwanawe? Na je, mtoto akikataa cha mchana, nimwache na njaa mpaka jioni, au nimpe chochote ili mradi kilo zisizidi kushuka?

Mama wa Kirumba