Ile makala yenu ya Kyoto naomba muirekebishe, hasa hapo kwenye chakula

Mhariri,

Assalaam aleikum na poleni na kazi. Naandika kuhusu ile makala ya safari mliyotoa Jumapili iliyopita, ya kuzunguka Kyoto kule Japani sehemu tisa kwa siku moja. Mimi ni mwanamke, nauza spea za magari Gerezani hapa Dar, kwetu Tanga, na Juni mwaka jana nilikuwa Osaka kuangalia injini na giaboksi kwenye mayadi, wiki nzima ni vyuma na mafuta tu, siku moja mayadi yamefungwa nikapanda treni peke yangu nikaenda hiyohiyo Kyoto. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Makala imeandikwa vizuri na picha zinavutia, lakini kuna mambo mmeyakosea na mtu akiyafuata yatamgharimu, na hilo la chakula kwa sisi Waislamu ni zito, ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwanza hizo sehemu tisa. Kyoto ilikuwa makao ya mfalme wao kuanzia mwaka 794 mpaka 1869 alipohamia Tokyo, zaidi ya miaka elfu moja, sasa mji wa namna hiyo mahekalu yake yametapakaa kila upande. Ninyi mmemtoa mtu Kinkaku-ji kaskazini magharibi mkamrusha Fushimi Inari kusini halafu mkamrudisha Ginkaku-ji mashariki, yaani siku nzima atashinda kwenye basi, na hayo mabasi ndiyo hayohayo wanayopanda wenyeji kwenda hospitali na shule, nimeona mzee wa makamo ya bibi yangu kasimama kwa sababu wageni na mabegi yao wamejaa mpaka mlangoni, iliniuma. Mi nilichagua tatu tu, na kutoka ya pili kwenda ya tatu nilitembea kwa miguu.

Nilianza Fushimi Inari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pale hakuna kiingilio na hapafungwi usiku wala mchana. Mmeandika ni hekalu la Kibudha, sio. Ni sehemu ya ibada ya Shinto, dini yao ya asili, na alama yake ni hayo mageti mekundu ya mbao yanayoitwa torii, ukiona torii mlangoni jua umefika kwa Shinto. Mahali pale panahesabiwa tangu mwaka 711 na anayeabudiwa ni Inari, wa mchele na biashara, ndio maana kila kona kuna sanamu za mbweha, mmoja kang'ata ufunguo wa ghala, mwingine suke la mpunga. Mageti ni maelfu, yamepangwa kufuata njia ya kupanda mlima, na yametolewa na wafanyabiashara. Wakati wa kupanda huoni kitu zaidi ya rangi, ukigeuka kushuka ndio unaona kila nguzo ina maandishi meusi upande wa nyuma, jina la aliyetoa na tarehe. Mimi kama mfanyabiashara nilisimama pale muda mrefu. Nguzo nyingine zimeoza chini wanazibadilisha, nyingine rangi bado mbichi, unajua kabisa kuna mtu mwaka huuhuu kafungua duka au kamaliza deni.

Hili kosa linaweza kuonekana dogo lakini lina athari, kwa sababu mmewaambia watu wapige makofi mawili kila watakapoingia. Makofi ni ya Shinto, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama tena mara moja. Kwenye hekalu la Kibudha hupigi makofi, watu wanaunganisha viganja kimya kimya. Mgeni akipiga makofi mbele ya watu wanaoomba kimya atawakera bila kujua. Mimi kwa imani yangu sikufanya hili wala lile, nilisimama pembeni kwa heshima nikaangalia, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Kutoka hapo nikaenda Nanzen-ji, hili ndio hekalu la Kibudha, la madhehebu ya Zen. Mvua ilikuwa inanyesha, Juni ni msimu wao wa mvua na nawashauri wasomaji wasiuogope, watu wanapungua na kijani kinakolea. Geti lake kubwa la mbao ni la mwaka 1628, kimo chake kama mita 22, unapita chini yake unajiona kama mtoto. Kwenye jengo la bustani unavua viatu na mwavuli unauacha nje kwenye kitu cha kuwekea miavuli, wangu ulikuwa wa plastiki wa kuona nje kama ya watu wengine wote, nimetoka baada ya saa nzima nimeukuta palepale nilipouchomeka. Hiyo saa nzima nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya mbao naangalia bustani ambayo haina hata bwawa. Ni kokoto nyeupe zimechanwa kwa reki zikawa na mistari kama maji yanayotembea, na mawe makubwa machache na miti imesogezwa upande mmoja, kwingine wamepaacha wazi. Mwanzoni sikuelewa. Baada ya muda nikasikia mvua inavyopiga paa, halafu matone ya kwenye ukingo, halafu mama mmoja pembeni yangu anavyopumua, na vichwa vya injini vilivyokuwa vinanizunguka akilini wiki nzima vikanyamaza. Makala yenu imempa mtu dakika thelathini kwa kila sehemu pamoja na kupiga picha. Dakika thelathini mimi nilikuwa bado nawaza bei.

Ndani ya eneo hilohilo kuna mfereji wa matofali mekundu unaopita juu ya matao, wa mwaka 1888, mmeuita magofu. Sio magofu, maji yanapita mpaka leo. Mfalme alipohama mji ulianza kufa, ndio wakachimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa, na maji hayo yakaja kuwapa umeme, na mwaka 1895 Kyoto ikawa ya kwanza Japani kuwa na tramu ya umeme.

Kutoka Nanzen-ji unafuata njia ya kando ya mfereji, kama kilomita mbili, wanaiita njia ya mwanafalsafa kwa ajili ya profesa Nishida Kitaro aliyekuwa anapenda kutembea hapo akiwaza, unatokea Ginkaku-ji. Jina maana yake ni hekalu la fedha na ninyi mmeandika limepakwa fedha ukutani. Halina fedha. Ni mbao tupu, zimezeeka, rangi ya kahawia iliyofifia. Lilijengwa na mtawala Ashikaga Yoshimasa kuanzia 1482 kama nyumba ya kupumzikia, wakati vita vya miaka kumi vimetoka kuuteketeza mji, na alipofariki mwaka 1490 ikageuzwa hekalu. Mnaichanganya na Kinkaku-ji, hiyo ndio ina dhahabu kweli, ilichomwa moto mwaka 1950 na mtawa kijana na ikajengwa upya ikamalizika 1955. Msomaji akienda na hesabu ya kuona ukuta wa fedha atageuza uso dakika ya kwanza, na ataikosa bustani.

Na bustani ndio yenyewe. Ule ujani laini unaoota kwenye mawe na kuta zenye unyevu, sisi Tanga tunaukwangua kwa panga maana unatelezesha watu, kule wanaulea. Umefunika ardhi yote chini ya miti kama zulia, una vilima na mabonde yake, na wameuweka kwenye visanduku aina kwa aina mgeni auone, upo wa thamani na upo ule wasioutaka wanaung'oa. Nilimkuta mzee mmoja kachuchumaa mvuani na kofia ya majani, kapu kulia kwake, anaokota kimoja kimoja vijani vilivyodondoka na vimagugu vidogo kama kucha, kisha anapitisha kifagio chepesi, kisha anasogea mbele kama futi moja hivi anaanza tena. Nimemwangalia kama dakika ishirini hakufika hata mita mbili. Mteremko mzima ule ni wa kushikwa kwa mkono hivyohivyo, na kesho majani yatadondoka tena. Jamani mimi nina watoto watatu na mama mgonjwa nyumbani, najua kazi isiyoisha ni kitu gani, na nilipomwona yule mzee anaifanya bila haraka, uso umetulia, machozi yalinitoka.

Sasa chakula. Mmeandika "Waislamu na wasiokula nyama wasiwe na wasiwasi, chakula cha Kijapani ni samaki na mboga tu". Mhariri, hapa ndipo naomba sana. Supu yao ya msingi inaitwa dashi, nyingi inatengenezwa kwa samaki, sehewa aliyekaushwa akakwanguliwa kama mbao inavyopigwa randa, pamoja na mwani wa kombu, kwa hiyo asiyekula samaki anaipata hata kwenye mboga aliyodhani salama, ila akipata kile chakula cha watawa kinachoitwa shojin ryori, hicho hakina nyama wala samaki. Sisi Waislamu tatizo letu ni lingine, ni mirin, pombe tamu ya mchele wanayopikia, ile halisi ina kilevi kama asilimia 14, na sake, pombe yao nyingine ya mchele, pia wanapikia. Inaingia kwenye sosi ya tambi, kwenye samaki wa kuchoma anayeng'aa vizuri, kwenye mayai ya kukunja. Supu ya ramen, tambi zao za mchuzi, ndio mara nyingi ni mifupa ya nguruwe. Siku yangu ya pili Osaka nilikula tambi za soba kwenye kimgahawa kimoja, hamna nyama, nikasema alhamdulillah, jioni nikaja kuambiwa ule mchuzi una mirin. Sikulala vizuri usiku ule. Mwenye mgahawa hakunidanganya, mimi ndio sikujua cha kuuliza, na makala kama yenu ndiyo niliyokuwa nimesoma kabla ya kusafiri.

Kwa hiyo Kyoto nilienda nimejiandaa. Mchana karibu na Nanzen-ji nilikula yudofu, yaani tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa kipande, imechemshwa taratibu ndani ya maji yenye kipande cha mwani, chungu kinawekwa juu ya moto mbele yako. Tofu ya Kyoto inasifiwa kwa ajili ya maji ya pale. Nilimwonyesha mama mhudumu karatasi yangu ya Kijapani inayoeleza nisivyokula, akasoma, akaondoa kibakuli cha sosi, akarudi na chumvi na tangawizi iliyokunwa. Laini kama maziwa mgando, ina utamu wa mbali wa soya, na kwa mvua ile ilinishukia vizuri mpaka miguuni. Jioni nikapita soko la Nishiki, lina urefu wa kama mita 390, jembamba, limeezekwa juu, wenyewe wanaliita jiko la Kyoto. Kuna vipweza vidogo vimejazwa yai la kware kichwani, vinang'aa kwa sosi, sikugusa. Nilinunua achari yao ya shibazuke, biringanya na majani ya shiso mekundu vimechachuliwa kwa chumvi tu, rangi ya zambarau, chachu yake imenikumbusha achari ya mama. Na pale msiwaambie watu wale huku wanatembea, unakula mbele ya duka ulilonunulia na takataka unarudisha palepale.

Jambo moja zaidi, vile vichochoro vya Gion, mtaa wa zamani wa Kyoto, mlivyosema ni vizuri kuwavizia wale akina dada wa kimono, yaani geisha wanaoburudisha wageni kwa muziki na ngoma, kwa picha, tangu 2024 vichochoro binafsi vimefungwa kwa watalii na kibao kinasema faini yen 10,000. Wale wako njiani kwenda kazini.

Ile karatasi niliandikiwa na dada wa mapokezi hotelini Osaka baada ya kumweleza yaliyonikuta, kwa mkono wake, kwa Kijapani, inasema mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala pombe, hata mirin na sake ya kupikia, samaki na mayai nakula, asante sana. Nimeipiga picha nawatumia pamoja na barua hii. Naomba muichapishe ukubwa wa kukatwa na mkasi, maana najua wapo wenzangu wa Gerezani na Kariakoo watakaopanda ndege mwezi ujao kwenda kununua mzigo.

Muuza spea,
Gerezani, Dar es Salaam